Kopo la Rangi Nyeusi Likae Kabatini
Hotuba kwa walimu wa sanaa na wanachuo wa ualimu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanachuo, wazazi mliopata nafasi ya kufika na wageni waalikwa: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wakubwa wangu wote, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa kuchanganya rangi kwa vitendo. Nitaanza na ombi, na mengine yote nitakayosema yatakuwa ya kulitetea. Muhula wote wa kwanza, kopo la rangi nyeusi likae kabatini. La kijani likae nalo humo humo, na la zambarau, na la kahawia, na la chungwa. Mezani zibaki njano, nyekundu, bluu na nyeupe. Mwanafunzi akitaka kijani, akitengeneze. Akitaka kivuli cha chini ya mwembe, akitafute ndani ya makopo hayo manne mpaka akipate.

Naliomba hili kwa sababu najua tunavyofundisha. Mwalimu anachora duara ubaoni kwa chaki nyeupe, analigawa vipande kumi na viwili, anaandika majina ya rangi kuzunguka pembeni. Wanafunzi wananakili. Mwenye boksi la penseli za rangi anachukua penseli ya kijani, anapaka kipande cha kijani. Anachukua ya zambarau, anapaka cha zambarau. Duara linapendeza, mwalimu anaweka alama ya vema, na hakuna rangi hata moja iliyochanganywa. Mtihani ukija unauliza "Taja rangi za upili", mtoto anazitaja zote tatu, kijani, chungwa na zambarau, anapata alama zake. Mpe mtoto huyo huyo brashi na makopo, umwambie, "Nitengenezee rangi ya jani hili," atakutazama usoni asijue aanzie wapi. Huyo tumemfundisha majina. Kuchanganya rangi bado.

Tugeuze mpangilio. Mkono utangulie, maelezo yafuate. Mtoto achanganye, aone, ashangae, aulize, ndipo sisi tuseme lile lililomo kwenye muhtasari wa somo. Wakati huo atakuwa na swali lake mwenyewe la kujibiwa, na mwenye swali husikiliza.

Niwaeleze kipindi cha kwanza kinavyokwenda, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kila kikundi cha watoto watano kinapata kifuniko kimoja cheupe cha ndoo ya rangi ya ukutani, kilichooshwa kikatakata. Hicho ndicho ubao wao wa kuchanganyia. Vizibo vya soda ni vya kupimia. Makopo ya maji yawe mawili, la kuoshea brashi na la kusuuzia. Likiwa moja, muda si mrefu maji yote yamegeuka tope, na kila mchanganyiko unachafuka kabla haujaanza. Kiwepo na kitambaa cha kukaushia brashi, kwa sababu brashi iliyolowa inaharibu vipimo vyote.

Kazi yenyewe ni ngazi. Kwenye karatasi ya manila wachore visanduku tisa kwa mstari mmoja. Cha kwanza kipakwe njano tupu, cha tisa bluu tupu. Vile saba vya katikati wavijaze wenyewe, kila kimoja kikiwa na bluu kidogo zaidi ya kilichotangulia, na hatua ya kutoka kisanduku hadi kisanduku ionekane sawa kwa macho. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kazi. Mtoto wa kwanza atachovya brashi nzima kwenye bluu, atakoroga, na kisanduku cha pili kitatoka kijani cha chupa. Hana tena pa kwenda. Usimwambie kitu. Acha aone kwamba visanduku vimebaki vitupu na njano yake imekwisha. Zamu ya pili ataanza na njano nyingi, na bluu ataigusa kwa ncha ya brashi tu. Bluu kali ni kama chumvi kwenye mchuzi, kuongeza unaweza, kutoa huwezi.

Atakapouliza kwa nini bluu ina nguvu hivyo, jibu lipo. Bluu iliyomo katika rangi nyingi tunazonunua leo ni ya kemikali iitwayo thalosianini, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1935. Inafyonza mwanga kwa nguvu kubwa sana, ndiyo maana tone moja hugeuza kizibo kizima cha njano. Njano haina nguvu hizo. Kwa hiyo nusu kwa nusu ya vipimo haitoi nusu kwa nusu ya rangi, na jambo hili huwezi kuliona kwenye duara la ubaoni hata ulitazame mwaka mzima.

Kuna watakaosema kwamba habari hii ya makopo machache ni ya shule za Ulaya. Siyo. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Rangi hizo huja katika makopo madogo, kwa aina chache zinazopatikana dukani, na zikishakauka hazichanganyiki tena. Lazima uamue mapema. Miaka minne tu baadaye, 1972, alifariki, lakini aliacha wanafunzi, akina Simon Mpata, Kaspar Tedo, January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na wenzao, na hao nao wakafundisha wengine. Hawakupewa duara la rangi. Walikaa karibu na mtu anayefanya kazi, wakajazia rangi, wakaona. Nendeni Morogoro Stores pale Oysterbay, Dar es Salaam, wanapochorea warithi wao, mkaangalie jinsi rangi ya nyuma ya picha inavyotoka kwenye chungwa iliyoiva ikafifia mpaka karibu na nyeupe, bila mstari kuonekana. Ile ni ngazi yetu ya visanduku tisa, isipokuwa mchoraji ameziunganisha hatua zote rangi ikiwa mbichi.

Sasa nije kwenye kero inayozijaza barua za walimu wachanga. Kipindi cha pili, mtoto anachanganya nyekundu na bluu. Kitabu kimemwambia atapata zambarau. Anakuja na kifuniko mkononi.

"Mwalimu, mbona yangu imekuwa tope?"

"Umeweka nini?"

"Nyekundu na bluu tu, mwalimu. Sijaweka kingine."

Na kweli hakuweka kingine. Hapo mwalimu asiyejiandaa atamwambia mtoto hakuosha brashi vizuri, na mtoto ataondoka akiamini kosa ni lake. Kosa si lake. Rangi ya kupaka hufanya kazi kwa kufyonza sehemu ya mwanga na kurudisha inayobaki. Nyekundu nyingi za dukani zinaegemea chungwa: zinarudisha mwanga mwekundu pamoja na kidogo cha njano, na bluu yote zimeifyonza. Bluu inayoegemea kijani nayo imefyonza wekundu wote. Ukizichanganya, kila moja inamaliza kile ambacho mwenzake angerudisha. Kinachobaki ni kidogo, na kidogo hicho macho yetu yanakiona kama hudhurungi iliyofifia. Njano iliyojificha ndani ya nyekundu ndiyo iliyoharibu zambarau.

Basi mpe mtoto huyo nyekundu ya pili, ile inayoegemea waridi, ambayo wachapaji huiita majenta, na bluu ya pili, ile inayoegemea zambarau, iitwayo altramarini. Zambarau itatoka inang'aa. Ataizungusha kifuniko kizima, ataiita "ya kwangu". Bluu hii ya pili mnaifahamu kuliko mnavyodhani. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani lililochimbwa Badakhshan huko Afghanistan, na bei yake ilikaribiana na ya dhahabu. Kisha mwaka 1826 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akapata njia ya kuitengeneza kiwandani, ikawa rahisi kiasi cha kuingia kwenye ndoo za kufulia. Ni jamaa ya ile bluu ambayo bibi zetu waliitia kwenye maji ya kusuuzia mashuka meupe.

Kwa hiyo shule ikiwa na uwezo kidogo tu, ushauri wangu ni makopo sita badala ya matatu: njano mbili, moja ya limau na moja ya kiini cha yai, nyekundu mbili, bluu mbili. Pamoja na nyeupe ni saba. Kwa hayo, kazi ya kipindi cha tatu ni hii: kila njano ichanganywe na kila bluu. Zinatoka kijani nne. Njano ya limau na bluu inayoegemea kijani zinatoa kijani cha mpunga mchanga. Njano ya kiini cha yai na altramarini zinatoa kijani kilichochoka, cha majani ya mkorosho wakati wa kiangazi. Hapo watoto wenyewe huanza kugawana kazi: hii ni ya majani, hii ni ya mlima wa mbali, hii ya sare ya shule. Ukifika hapo, mwalimu, kaa pembeni uwaache.

Wapo watakaoniuliza: basi rangi za msingi ni zipi, nyekundu au majenta? Mchapaji Jacob Christoph Le Blon, mwanzoni mwa karne ya 18, ndiye aliyeonyesha kwamba unaweza kuchapa picha yenye rangi zote kwa bamba tatu tu, la bluu, la njano na la nyekundu. Mashine za leo hutumia bluu ya samawati, majenta na njano, kisha nyeusi. Chukueni gazeti lenye picha ya rangi, mwazime lenzi ya kukuzia kutoka maabara ya biolojia, mwape watoto waangalie uso wa mtu kwenye picha hiyo. Wataona nukta. Samawati, waridi, njano, nyeusi, zimepangwa pembeni kwa pembeni na nyingine zimelaliana. Hakuna nukta ya kahawia, lakini uso ni wa kahawia. Mimi nasema tusigombane na muhtasari. Uandike nyekundu unavyoandika, lakini mtoto apewe na majenta, aone mwenyewe ipi inampeleka mbali zaidi.

Kutoka hapo ni hatua ndogo kwenda kwenye mwanga. Niliona kwamba zoezi hili linawachangamsha hata wanafunzi wa mwisho wa darasa. Chukua simu, washa ukurasa mweupe, chovya kidole kwenye maji, angusha tone dogo kabisa juu ya kioo. Tone linakuza. Ndani yake zinaonekana chembe za nyekundu, kijani na bluu. Nyeupe ile yote ni hizo tatu zikiwaka pamoja. Mwanafunzi aliyezoea kwamba ukichanganya rangi zote unapata tope sasa anaona zikichanganywa zinatoa nyeupe, na anataka kujua nani anamdanganya. Hakuna anayemdanganya. Kwenye kifuniko kila rangi unayoongeza inapunguza mwanga, kwenye simu kila rangi unayoongeza inaleta mwanga mwingine.

Anayetaka kuliona kwa mikono yake atengeneze pia. Kata duara la karatasi ngumu, paka nusu njano na nusu bluu, toboa katikati, chomeka njiti, zungusha kwa nguvu. Kila mtoto darasani atakuwa ameshaapa kwamba itatoka kijani. Inatoka kijivu. Mskoti James Clerk Maxwell alifanya utafiti wake kwa visahani vya namna hii miaka ya 1850, na utafiti huo ndio ulioweka msingi wa picha za rangi na vioo vya televisheni. Nusu zile mbili hazikugusana. Kila moja imerudisha mwanga wake wote, jicho ndilo lililoshindwa kuzitenganisha kwa sababu ya kasi. Jambo hilo hilo lipo kwenye mkeka. Mtazame mkeka wa ukindu kwa karibu, uone nyuzi za nyekundu na za kijani zilivyo safi, kisha rudi nyuma mpaka mlangoni: zinaanza kuungana na kuwa rangi ya tatu. 

Kuna walimu ambao hatuwaiti mashuleni na tungepaswa kuwaita, nao ni mafundi wa batiki. Fundi batiki hachanganyi kijani kwenye ndoo. Anachukua kitambaa cheupe cha pamba, anaziba kwa nta sehemu zitakazobaki nyeupe, anakitia kwenye njano. Kikikauka anaziba kwa nta sehemu zitakazobaki njano, anakitia kwenye bluu. Pale ambapo njano ilikuwa wazi, bluu inaikuta na inakuwa kijani. Akitaka kahawia au nyeusi itakuja mwisho kabisa, juu ya zote. Maana yake, kabla hajachovya mara ya kwanza, fundi huyu anaijua picha nzima kichwani na anaipanga kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Hakuna zoezi la kufikiri juu ya rangi linalozidi hilo. Mwalikeni mama mmoja wa mtaani kwenu anayeifanya kazi hii, mlipeni posho yake, mkae mumsikilize. Lakini kostiki soda na haidro, kemikali ambazo fundi hutia kwenye maji ya rangi, zinaunguza ngozi na macho, kwa hiyo hizo azishike fundi mwenyewe, amevaa glavu, nje penye hewa. Watoto wafanye zoezi lile lile kwa karatasi laini za kung'aa za kufungia zawadi: ya njano chini, ya bluu juu, wazielekeze dirishani.

Nimesema kuhusu kuchanganya, lakini kuna rangi inayobadilika bila kuchanganywa na kitu, na mwalimu akiisahau atahangaika bure. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinazotumika kwenye vivuli vya bluu na zambarau zimefifia. Akazipima. Nyuzi hazikuwa na kasoro. Zilionekana zimefifia kwa sababu ya rangi zilizokaa jirani nazo. Zaidi ya karne moja baadaye Mjerumani Josef Albers, aliyekuwa mwalimu katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani, alifanya jambo hilo kuwa somo zima Marekani alikohamia mwaka 1933. Wanafunzi wake walikata karatasi za rangi, na wakati mwingine walitumia majani makavu ya miti. Kazi mojawapo ilikuwa kuifanya rangi moja ionekane mbili.

Sisi tuna khanga. Kateni vipande viwili vidogo vya karatasi ya kijivu iliyo moja, viwekeni kimoja juu ya khanga nyekundu na kingine juu ya khanga ya bluu. Waulize watoto kama ni rangi moja. Wengi watakataa. Viondoe, viweke pamoja mbele yao. Ukishafanya hivyo, mtoto akilalamika kwamba rangi aliyoichanganya vizuri kwenye kifuniko imeharibika alipoipaka kwenye picha, atajua pa kutazama: ni majirani zake.

Sasa kuhusu lile kopo jeusi. Mtoto akitaka kivuli, anatia nyeusi. Akitaka usiku, nyeusi. Akitaka nywele, nyeusi. Picha inajaa mashimo. Mtoe nje saa nne asubuhi, amtazame mwenzake amesimama juani, aangalie kivuli chake kwenye mchanga. Mchanga ule una njano na nyekundu, na kivuli kinapata mwanga wa anga, hivyo kina ubluu ndani yake. Arudi darasani akitafute: njano, nyekundu kidogo, nyeupe, kisha bluu hatua kwa hatua. Hapo ndipo anajifunza kwamba rangi zinazokabiliana kwenye duara hutulizana. Bluu hutuliza chungwa, kijani hutuliza nyekundu, zambarau hutuliza njano. Hata ile bluu ya kufulia ilifanya kazi hiyo: shuka lililoanza kuingia unjano lilitiwa ubluu kidogo, likaonekana jeupe. Na akitaka giza kweli kweli, altramarini na kahawia nzito aliyoichanganya mwenyewe zinampa nyeusi inayopumua kuliko ya kopo.

Muhula wa pili likitoka kabatini, zoezi lake la kwanza liwe nyeusi na njano. Inatoka kijani cha zeituni. Nyeusi ya masizi ina ubluu ndani yake, na njano inauonyesha. Kuanzia siku hiyo mtoto ataitumia nyeusi akiijua ni rangi yenye tabia zake.

Walimu wenzangu, sababu kubwa kuliko zote ya kulifungia kopo hilo ni ngozi zetu. Watoto wetu wanachora watu weusi kwa kahawia moja tupu, au wanachukua ile penseli ya pinki iliyofifia kwa sababu kuna aliyewaambia ndiyo rangi ya mwili. Hilo halikuanza leo wala kwetu. Kampuni ya Crayola ya Marekani iliuza kalamu ya rangi hiyo kwa jina la rangi ya mwili mpaka mwaka 1962, ikaibadili jina. Kwetu kauli hiyo bado inasikika madarasani, na inaniuma kila ninapoisikia kwa mtoto mwenye mkono kama wangu.

Zoezi ni hili, na nalitengea vipindi viwili vizima. Kila mwanafunzi atoboe tundu dogo kwenye kadi nyeupe, ailaze juu ya mkono wake mwenyewe, aone rangi iliyo ndani ya tundu peke yake. Juu ya mkono. Kisha kiwiko. Kisha kiganja. Kisha kwenye kifundo cha kidole pale ngozi inapokunjana. Atakuta rangi nne ambazo hazifanani. Achanganye njano na nyekundu mpaka apate chungwa nzito, kisha atie bluu kidogo kidogo. Chungwa inatulia, inashuka kuwa kahawia yenye joto. Apake kwenye ukingo wa kadi, aiweke kando ya tundu, alinganishe. Imekuwa na ukijani? Aongeze nyekundu. Imekuwa na uwekundu mno? Tone la bluu na la njano. Ataifukuza namna hii mara nyingi. Halafu aende dirishani, ageuze mkono mpaka mwanga umulike, atazame pale panapong'aa. Kwenye ngozi nyeusi sehemu hiyo mara nyingi inaelekea bluu au zambarau iliyopauka, kwa sababu inaakisi anga. Aliyetia nyeupe tupu kwenye kahawia anapata majivu, na anaona mwenyewe kwamba hayafanani na mkono wake. Wakimaliza, bandikeni kadi zote ukutani. Darasa la watoto sitini lina rangi sitini na zaidi, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye kopo.

Najua swali la vifaa linakuja, na mengine nimeshayagusa. Mwenye uwezo anunue rangi za maji za shule. Asiye nao aende duka la vifaa vya ujenzi. Unga wa rangi ya sakafu, nyekundu na njano, ukikorogwa na maji na gundi nyeupe ya mbao unakuwa rangi nzuri ya kuchorea, tulivu, ya udongo. Rangi nyeupe ya maji ya ukutani ndiyo nyeupe yako. Zile chupa ndogo za rangi kali ambazo mafundi rangi hutia kwenye nyeupe ya ukuta zitakupa bluu, ila uzigawe wewe mwenyewe kwa tone. Mkaa uliosagwa utangoja muhula wa pili. Bizari inatoa njano tamu lakini inapauka juani, na ikiguswa na magadi inageuka nyekundu ya matofali. Waonyesheni watoto, ni kemia nzuri, msiiite kuchanganya rangi. Rangi za mafuta na thina waachieni wanafunzi wakubwa, nje penye upepo, na nunueni zile zilizoandikwa kwamba hazina risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Katika darasa kubwa atakuwepo pia mvulana, na mara chache msichana, ambaye kijani na nyekundu kwake zinakaribiana. Amezaliwa hivyo. Msimwite mzembe. Mwandikieni majina kwenye vizibo na mpeni kazi ya kupima weupe na weusi wa rangi, jambo ambalo anaweza kulimudu.

Limebaki suala la alama, nalo ndilo linaloamua kama haya yote yatafanyika au yataishia ukumbini hapa. Mwalimu hufundisha kinachopimwa. Napendekeza kila mwanafunzi awe na daftari la rangi: kila mraba aliopaka uandikwe pembeni ulivyopatikana, njano ya limau vizibo vitatu, bluu ya thalosianini ncha ya brashi mara moja, nyeupe kizibo kimoja. Kupima, mwambie abadilishane daftari na jirani. Jirani asome maelezo, achanganye bila kuuliza, kisha miraba miwili iwekwe pamoja. Zikifanana, wote wawili wamepata. Zisipofanana, wakae watafute ni nani alisahau nini, na mabishano hayo yana faida kuliko nusu saa ya maelezo yangu.

Na kwa ndugu zetu watunga mitihani waliomo humu: ondoeni swali la kutaja rangi za upili. Wekeni jani changa la mwembe juu ya kila meza, lile ambalo bado halijawa kijani, lina wekundu na ukahawia na mng'ao wa shaba. Wapeni makopo manne na dakika arobaini. Jani hilo liko karibu kila mkoa, halina gharama, na hakuna mtoto atakayeweza kulikariri.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Vifuniko, vizibo na maji viko kwenye meza za nyuma, aproni ziko kwa karani. Tugawane watanotano, tuanze na ngazi ya njano na bluu, na maswali tutajibizana huko huko mikono ikiwa na rangi.